Njaa ya Malawi ya 2002: mahindi yalikuwepo, bei haikushikika

Tarehe 27 Februari 2002 Rais Bakili Muluzi wa Malawi alitangaza kwamba nchi yake imo katika hali ya maafa. Siku hiyo ilipofika, watu walikuwa wameshazikwa. Januari na Februari ndiyo miezi ambayo ghala la mkulima wa Malawi huwa tupu hata katika mwaka mwema, na mahindi mabichi ya kwanza huanza kuvunjwa kuelekea Machi. Tangazo lilitoka basi wakati aliyejaliwa alikuwa amebakiza wiki chache kufikia chakula kipya, na asiyejaliwa hakuwa na wiki hizo.

Idadi ya waliokufa haijawahi kukubaliwa na wote. Makadirio ya chini yanataja mia kadhaa, ya juu yanakaribia 3,000. Kifo cha njaa ni kigumu kuhesabu kwa sababu mara nyingi hubeba jina jingine: kuhara, malaria, kipindupindu, au uzee tu.

Ukimwuliza mtu asiyefuatilia, atasema ulikuwa ukame. Haukuwa. Msimu ulioleta njaa hiyo uliharibiwa na maji mengi kuliko kiu. Na hata baada ya maji hayo, Malawi ilivuna takriban tani milioni 1.7 za mahindi mwaka 2001. Ni pungufu kwa kama theluthi moja ukilinganisha na tani milioni 2.5 za mwaka uliotangulia, uliokuwa mwaka wa neema, lakini ukichukua wastani wa miaka kumi, mavuno yale yalikuwa chini kidogo tu. Mtu anaweza kupinga kwamba wastani wenyewe ulishushwa na miaka mibovu kama 1992 na 1994, na kwamba midomo ya kulisha ilikuwa imeongezeka. Ni kweli. Lakini mwaka 1992 mavuno yaliporomoka kwa zaidi ya nusu, ukame mkali ukatanda kusini yote ya Afrika, na Malawi haikuzika watu kwa njaa kama ilivyozika miaka kumi baadaye. Upungufu mdogo ukaua kuliko upungufu mkubwa, na hapo ndipo kisa hiki kinapostahili kuchambuliwa.

Mvua iliyokosea ratiba

Malawi ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hivi hadi Aprili. Anayekosa hapo hana vuli wala masika ya kumfidia. Anasubiri mwaka mzima. Msimu wa 2000/01 mvua zilichelewa kushika katika maeneo kadhaa, kisha zikaja kwa fujo. Kuanzia Februari 2001 bonde la Mto Shire, hasa wilaya za Chikwawa na Nsanje kule kusini, likafurika.

Maji yakizidi huharibu mahindi kwa namna mbili. Ya kwanza unaiona kwa macho: shamba linazama, mimea inalala. Ya pili ni ya kimyakimya na ndiyo iliyofika wilaya nyingi zaidi. Naitrojeni iliyomo ardhini husombwa na maji kwenda chini, mahali mizizi haifiki. Jani linageuka manjano, gunzi linadumaa, mkulima anavuna lakini debe halijai. Mwenye mbolea ya kukuzia huongeza akaokoa kiasi. Asiye nayo hutazama.

Na mwaka ule wengi hawakuwa nayo. Katika misimu ya 1998/99 na 1999/2000 serikali kwa msaada wa wafadhili iligawa bure kifurushi cha pembejeo, mbegu bora na mbolea ya kutosha ekta 0.1, yaani kama robo ekari, kwa kaya takriban milioni 2.8. Karibu kila mkulima mdogo alipata. Kifurushi chenyewe kidogo, lakini ukikizidisha kwa milioni 2.8 unapata mahindi ya kuonekana kwenye takwimu za taifa, na ndiyo sehemu ya maelezo ya ile neema ya mwaka 2000. Kisha wafadhili wakaanza kusema ni ghali, kinadumaza soko, kinawazoesha watu kupewa. Msimu wa 2000/01 mpango ukapunguzwa hadi kaya kama milioni 1.5, na uliofuata hadi milioni moja hivi.

Kwa hiyo mvua iliyosomba naitrojeni ilizikuta kaya nyingi zimenyimwa kile kifurushi kwa mara ya kwanza. Nimeona majaribio ya kugawanya hasara ile, asilimia fulani hali ya hewa, asilimia fulani sera. Siyaamini. Mmea mmoja wa mahindi ulikosa naitrojeni kwa sababu mbili kwa pamoja, na kila sababu iliifanya nyingine kuwa mbaya zaidi.

Nani hasa aliyekuwa anangoja mavuno

Picha ya mkulima wa Kiafrika anayekula anacholima inapotosha katika Malawi kuliko nchi nyingi. Wastani wa shamba la kaya ni chini ya ekta moja, na kusini ni dogo zaidi. Utafiti wa kaya wa 1997/98 ulikuta takriban asilimia 65 ya watu wanaishi chini ya mstari wa umaskini. Kaya nyingi humaliza mahindi yao Desemba au mapema zaidi hata mwaka ukiwa mzuri, na kutoka hapo hadi Machi hununua. Mkulima wa kawaida wa Malawi, kwa maneno mengine, ni mnunuzi wa mahindi anayelima.

Fedha ya kununulia hutoka kwa ganyu. Ni kibarua cha siku au cha kipande, kulima au kupalilia shamba la mwingine, kwa malipo ya fedha au ya mahindi yenyewe. Ganyu inakuokoa leo na kukuchelewesha kesho, maana siku unazopalilia la jirani ndizo siku lako linameza magugu. Tena haifanyi kazi ya bima. Mwaka mbaya kila mtu anatafuta ganyu, na wachache wenye uwezo wa kuajiri wanabana matumizi; malipo ya siku yanashuka wakati bei ya chakula inapanda.

Nyuma ya hapo kulikuwa na muongo mzima wa vitu kuondoka. Mfumo wa mikopo kwa wakulima wadogo ulisambaratika miaka ya 1990 mwanzoni. Februari 1994 kwacha, sarafu ya Malawi, iliachwa ielee, ikashuka thamani, na mbolea, ambayo yote hutoka nje, ikapanda bei. Katikati ya muongo ruzuku ya mbolea nayo ikafutwa. Vituo vya vijijini vya ADMARC, shirika la umma la masoko ya mazao lililoanzishwa 1971, vilipungua. Bei ya tumbaku, zao linaloleta sehemu kubwa ya fedha za kigeni, haikuwa nzuri. Na Ukimwi ulikuwa umeingia karibu kila ukoo: kama asilimia 15 ya watu wazima walikuwa na virusi. Ugonjwa ule hauli chakula cha ghalani, unakula nguvu ya kulima, na akiba ya mbuzi na baiskeli inauzwa kulipia dawa na mazishi. Njaa ilipokuja, vitu vya kuuza vilikuwa vimekwisha kuuzwa.

Mihogo ya kwenye karatasi

Hapa ndipo pananichosha zaidi, kwa sababu palihitaji kalamu tu.

Katikati ya 2001 ilijulikana kwamba mahindi yamepungua. Lakini takwimu rasmi zilionyesha ongezeko kubwa la mihogo na viazi vitamu. Wataalamu wakachukua tani za mizizi, wakazigeuza kuwa tani zinazolingana na mahindi, wakajumlisha, na jumla ikasema nchi inatosheka. Upungufu wa mahindi ukafidiwa kwenye karatasi. Serikali iliziamini hesabu hizo, wafadhili waliziamini, na mifumo ya tahadhari ya mapema ikatulia.

Mihogo ni zao gumu kuhesabu kuliko yote. Haivunwi siku moja; inakaa ardhini mwaka au miwili, inachimbwa kidogokidogo. Mpimaji anakadiria kwa kuangalia shamba, na kosa dogo kwenye eneo au kwenye uzito wa shina moja linakuwa maelfu ya tani likizidishwa kwa taifa. Uzito wenyewe ni wa mihogo mibichi, ambayo takriban theluthi mbili yake ni maji. Halafu iko wapi? Walaji wakubwa wa mihogo wako kando ya ziwa, Nkhata Bay na Nkhotakota. Mtu wa Mchinji au Dedza anakula nsima, yaani ugali, ya mahindi, na mihogo ya Nkhata Bay haina barabara wala bei ya kumfikia. Hata kama tani zile zingekuwa za kweli, na hazikuwa, zingekuwa chakula cha watu wengine.

Ninalaumu takwimu zile kuliko mvua. Mvua ilipunguza mahindi. Takwimu zilipoteza miezi. Kati ya Mei na Desemba 2001 mahindi yangeweza kununuliwa Afrika Kusini na kusafirishwa bila haraka, barabara zikiwa kavu.

Ghala la Kanengo

Lilongwe, katika eneo la viwanda la Kanengo, kuna maghala marefu ya saruji yaliyojengwa kuhifadhi nafaka ya taifa. Uwezo wake ni kama tani 180,000. Baada ya mavuno mazuri ya 1999 na 2000 yalikuwa na takriban tani 167,000. Usimamizi ulikuwa wa wakala mpya ulioundwa 1999, unaoitwa NFRA, herufi zilezile za wakala wa Tanzania wenye kazi kama hiyo, ingawa ni vyombo viwili tofauti. NFRA ya Malawi haikupewa mtaji. Ilikopa benki ili kununua mahindi, na riba ilikuwa kali.

Unaweza kuona mantiki ya waliosema punguzeni. Nafaka ya zamani huharibika. Deni linakua kila mwezi. Akiba ya kukabili dharura ya miezi michache haihitaji kujaza kila ghala, na ushauri uliotolewa na wataalamu wa nje, ukaungwa mkono na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, ulikuwa kubakiza kati ya tani 30,000 na 60,000. Binafsi nisingeuita ushauri huo wa kijinga katika mwaka wa ziada.

Kilichofanyika ni kingine. Akiba iliuzwa karibu yote. Sehemu ilikwenda nje, sehemu kubwa ikauzwa ndani kwa wafanyabiashara, na kufikia nusu ya pili ya 2001 maghala ya Kanengo yalikuwa hayana kitu cha kuitwa akiba, huku mavuno mapya yakiwa yamepungua. Walionunua kwa bei ya chini walikaa nayo. Walanguzi walijua kilichokuwa hakimo kwenye ripoti za mihogo: kwamba serikali haina tena mahindi ya kumwaga sokoni. Ghala la taifa hufanya kazi hata likiwa limefungwa, kwa sababu anayeficha nafaka anaogopa siku litakapofunguliwa. Likiwa tupu, na watu wakajua ni tupu, hofu hiyo inahama kutoka kwa mlanguzi kwenda kwa mlaji.

Baadaye serikali ilisema ni IMF iliyoiamuru kuuza. IMF ikasema haikuamuru, ilishauri, na haikuwahi kusema uzeni zote. Ofisi ya kupambana na rushwa ikachunguza nani aliuziwa na kwa bei gani, na waziri mmoja akapoteza kiti. Mabishano haya yamejaza kurasa nyingi na mara nyingi hugeuka kuwa ya nani mwongo. Kwangu swali la maana ni dogo zaidi: nani alikuwa na kazi ya kuangalia, mwezi baada ya mwezi, tani zinazotoka Kanengo huku mkono mwingine ukishika ripoti ya mavuno? Haikuwa kazi ya mtu.

Kutoka kwacha 5 hadi 40

Agosti 2001 serikali ilikubali kuwa kuna pengo na ikaamua kuagiza tani 150,000. Malawi haina bahari. Mahindi ya Afrika Kusini hufika kwa reli kupitia bandari za Msumbiji au kwa malori ya masafa marefu, na msimu ule Zambia na Zimbabwe nazo zilikuwa zinatafuta mahindi na malori yaleyale. Mvua za Desemba zikaanza, njia zikawa nzito. Mwaka ukaisha sehemu ndogo tu ya shehena ikiwa imefika.

Bei ikasimulia yaliyobaki. Baada ya mavuno ya 2001 kilo ya mahindi ilipatikana kwa kwacha kama 5. Mwanzoni mwa 2002 masoko mengi yaliuza kilo kwa kwacha 30 hadi 40, kwingine zaidi. Fanya hesabu ya gunia: kaya ya watu watano inahitaji kama kilo 50 kwa mwezi ili tu isilale njaa. Kwa bei ya kwanza hiyo ni kwacha 250. Kwa bei ya pili ni 2,000. Hakuna ganyu iliyopanda mara nane. ADMARC iliuza kwa bei nafuu, pale ilipokuwa na kitu, na foleni zilianza usiku. Kila mtu alipimiwa kilo chache, na waliokuwa na wapambe mlangoni walipata magunia.

Nasisitiza bei kwa sababu inafuta mkanganyiko mmoja. Watu husema chakula hakikuwepo. Kilikuwepo, si cha kutosha wote kushiba, lakini kilikuwepo sokoni siku ambazo watu walikuwa wanakufa umbali wa kutembea kutoka hapo. Pengo la theluthi moja la mavuno halikugawanywa kwa kila mtu kupunguza theluthi ya sahani. Mwenye mshahara alikula kama kawaida akilalamika gharama. Pengo lote lilishuka likatua juu ya wale ambao kipato chao ni siku za ganyu, na kwao halikuwa theluthi tena.

Watu walikula pumba, mizizi ya porini, na mbegu zilizowekwa kwa ajili ya kupanda. Mahindi mabichi yaliibwa mashambani kabla hayajakomaa, na wenye mashamba wakalala humo kulinda. Walioshikwa walipigwa vibaya, wengine waliuawa. Kuvuna mabichi mapema kuna gharama yake: gunzi linaloliwa Februari lingekuwa na punje nyingi zaidi Aprili, kwa hiyo njaa ya 2002 ilikuwa inakula mavuno ya 2002. Katikati ya haya kipindupindu kililipuka. Wagonjwa walizidi 30,000 na karibu 1,000 wakafa, katika mlipuko mkubwa kuwahi kuonekana nchini humo hadi wakati huo. Mwili uliodhoofika hauwezi kusubiri maji ya chumvi yafike kutoka zahanati ya mbali.

Wilayani Salima, vipimo vya watoto vilionyesha utapiamlo ukipanda takribani maradufu kati ya Desemba 2001 na Machi 2002. Vipimo hivyo vilifanywa na shirika la misaada lililokuwa huko kwa kazi nyingine, na mwanzoni vilipokewa kwa mashaka. Wafadhili walikuwa wamekasirika kuhusu ghala; baadhi walikuwa wamesimamisha misaada kwa sababu za utawala na matumizi ya fedha. Wakadai kwanza ijulikane mahindi yale yamekwenda wapi. Dai la haki kabisa, ila mtoto wa Salima aliyepimwa mkono hakuwa ameuza mahindi yoyote.

Kwa nini 1992 haikuwa hivi

Nilisema mwaka 1992 mavuno yalianguka zaidi. Kuna maelezo matatu ninayoyapa uzito, na moja ni la bahati.

La bahati ni hili: wakati ule Malawi ilikuwa inahifadhi wakimbizi karibu milioni moja wa vita vya Msumbiji. Kwa ajili yao kulikuwa na malori, maghala, orodha na watumishi wa misaada tayari. Ukame ulipopiga, bomba la chakula lilikuwa limeshatandazwa. Ilibidi kuliongeza tu. Pili, ukame wa 1992 ulikuwa wazi. Mashamba yalikauka kutoka Zimbabwe hadi Zambia, hakuna mtaalamu aliyeweza kuufunika kwa mihogo, na nchi za ukanda wa SADC ziliratibu bandari na reli mapema. Tatu, ADMARC bado ilikuwa na vituo vingi na bei moja kwa nchi nzima. Lilikuwa shirika lenye hasara na upendeleo, sililii. Lakini mnunuzi wa kijijini alijua mahali pa kwenda.

Janga kubwa linaloonekana lina watetezi. Upungufu wa kadiri, katika nchi iliyotoka kwenye mwaka wa ziada, hauna.

Yaliyofuata

Kwa msimu wa 2002/03 kila mtu aliogopa. Umoja wa Mataifa uliomba msaada kwa watu zaidi ya milioni 12 katika nchi sita za kusini mwa Afrika, Malawi ikiwa na zaidi ya milioni 3. Serikali ikaagiza mahindi kwa wingi, kwa mkopo. Wakati huohuo wafanyabiashara wadogo, wengine kwa baiskeli, walivusha mahindi ya Msumbiji kaskazini kuingia Malawi bila fomu yoyote. Hayo hayakuwa kwenye hesabu ya mtu. Bei ikatulia, shehena ya serikali ikakosa wanunuzi, na sehemu kubwa ikabaki ghalani ikila riba. Mwaka mmoja walidanganywa na mihogo isiyokuwepo, mwaka uliofuata wakashtushwa na mahindi ambayo hawakuyaona.

Baada ya mavuno mabaya ya 2005, serikali ya Bingu wa Mutharika ilirudisha ruzuku ya pembejeo kwa kuponi, wafadhili wengi wakiwa hawajakubali. Mvua ikawa nzuri. Mavuno rasmi yalifika tani milioni 2.6 mwaka 2006 na kuzidi milioni 3 mwaka 2007, na Malawi ikauza mahindi Zimbabwe. Dunia ikashangilia. Lakini mwaka 2008 bei ya mahindi ndani ya nchi ilipanda vikali ilhali karatasi zilionyesha ziada, na waliokumbuka 2001 walijua pa kuanzia kutilia shaka. Soko halisomi taarifa ya wizara.

Hali ya hewa nayo haijakaa ilipokuwa. Wastani wa joto nchini ulikuwa umepanda kwa karibu nyuzi 0.9 kati ya 1960 na 2006. Mafuriko ya Januari 2015 yalifuatwa na ukame wa El Niño, joto la Bahari ya Pasifiki ambalo kusini mwa Afrika hupunguza mvua, na mwaka 2016 watu milioni 6 na ushei walihitaji msaada wa chakula, idadi inayofanya ile ya 2002 ionekane ndogo. Vifo vya njaa havikulingana na ukubwa huo, kwa sababu tathmini ilianza mapema na chakula na fedha taslimu vikafika kabla ya Januari kwa wengi. Machi 2023 kimbunga Freddy kilipiga kusini. Waliokufa na wasioonekana walizidi 1,000. Machi 2024 Rais Lazarus Chakwera alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28, baada ya El Niño nyingine kukausha mahindi yakiwa yanachanua.

Vichwa vya habari vya Machi ile vilitaja ukame. Tukio jingine lilikuwa limetangulia kwa miezi minne: Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilirekebisha kiwango cha kwacha kwa asilimia 44, dola ikatoka karibu kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa siku moja. Mbolea ya kukuzia ya msimu huo ilinunuliwa, au ilishindikana kununuliwa, kwa kwacha hizo mpya, wiki chache kabla ya mvua kukatika.